Waya Uliosokotwa Kushoto

Saa moja asubuhi, Uyole, mwezi wa Juni,
baridi imekaa juu ya boneti kama mwenye mali.
Bi Anyambilile kashuka, hata salamu hakutoa:
"Jana mteremko wa Isyonje ulinitaka."

Magunia kumi na moja ya viazi, mbegu ya Kikondo,
utingo kang'ang'ania dashibodi, anakanyaga breki asiyokuwa nayo,
na yeye, miguu yote miwili juu ya pedali,
pedali imegoma kama mlango wa benki Jumapili.

Landikruza hii ni ya themanini na sita.
Niliijua kabla sijaota ndevu.
Mafundi watatu wa Mafiati wameshaila hela yake:
mmoja kabadili lainingi,
mmoja kaweka masta silinda mpya, inang'aa kama jino la bandia,
wa tatu katoa upepo, kaongeza oili, kafuta mikono:
"Mama, gari kuukuu hili. Lizoee."

Gari halizoewi. Gari huulizwa.

Nikauliza la kwanza, injini imezimwa:
kanyaga, kanyaga, mara tano, mara sita,
mpaka pumzi ya akiba iishe tumboni mwa busta.
Shikilia hapo. Usiachie. Haya, washa.
Pedali nzima huzama kidogo chini ya unyayo,
kama godoro linapompokea mtu aliyechoka.
Hii haikuzama.
Ilibaki palepale, jiwe la mto Kiwira.

Nikachomoa paipu kwenye pampu, nyuma ya alteneta,
nikaziba kwa kidole gumba. Kikavutwa
kama anavyovuta ndama, bila adabu.
Pampu haina kosa.
Nikairudisha, nikajaribu ncha ya pili, kwenye busta:
busu la mgonjwa.
Halafu hata hilo hakuna.

Basi mwizi yuko njiani.

"Zima redio, Lusajo. Na wewe mwenyewe nyamaza."
Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni,
ncha nyingine naitembeza gizani, pole pole,
napita betri, napita chujio la dizeli,
najisikia mjinga, daktari wa bati,
mpaka pale paipu inapoinama kuukwepa ukuta wa injini:
ssss,
sauti ya mtu anayefyonza chai ya moto kwa siri.

Nikaingiza mkono pasipofika jicho.
Grisi. Vumbi la Usangu. Halafu kitu laini:
mpira wa baiskeli, umezungushwa mara tatu,
umechoka, umepasuka,
umefungwa kwa waya.
Na waya umesokotwa kwenda kushoto.

Hapa kwetu fundi wa mkono wa kushoto ni mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Bosi Mwasampeta kaenda msibani,
mvua inashuka kutoka Tukuyu, gari linasubiriwa,
duka la vipuri limefungwa.
Nikasema moyoni: hii ni ya wiki mbili, watabadili.
Nikaukaza waya kwa werevu wote wa ujana,
nikapokea pesa ya soda.
Miaka kumi na tisa.

Ningeweza kuutupa kwenye debe la oili chafu,
kusema paipu imezeeka, ndivyo zilivyo, lete elfu arobaini.
Lusajo alikuwa ananitazama.
Nikautoa nje, kwenye mwanga, nikampa mwenyewe aushike.
"Huu waya ni wangu," nikasema.

Bi Anyambilile akaugeuza, akaugeuza tena.
Hakutukana. Ningependa angetukana.

Nikafunga paipu mpya, klipu mbili, za kweli.
Kanyaga. Shikilia. Washa.
Pedali ikazama upana wa kidole,
ikatulia.

Akapanda, akafungua mlango wa upande wa pili.
"Panda na wewe. Tunapanda Isyonje, halafu tunashuka.
Kaa pale alipokaa utingo."

Breki zilishika, kila kona.
Mguu wangu wa kulia ulikanyaga bati tupu njia nzima.